Noti Zilizokwepa Tanuru

Noti tatu za pfenigi hamsini zilikuwa juu ya meza ya kituo cha polisi cha Hollenrode, na kwa mujibu wa hati iliyokuwa kando yake, zote tatu ziliungua mwezi Januari mwaka jana. Hati ilikuwa na mhuri wa mji na sahihi za mashahidi wawili, mchungaji na mwoka mikate. Inspekta Ewald Stieghorst aliisoma kwa mara ya tatu, kisha akazitazama noti. Kwa maiti, zilikuwa na afya njema.

Zilikuja kujulikana kwa bahati mbaya. Mfanyabiashara mmoja wa Leipzig, katika wale waliozuka baada ya vita kuzunguka miji midogo wakinunua noti za dharura kwa ajili ya watu wanaozikusanya, alizionyesha kwa majivuno katika nyumba ya wageni, na meza ya pili alikuwa ameketi meya na bia yake. Meya aliacha bia. Mji ulikwisha tangaza kwamba noti zake zote za wakati wa vita zimerudishwa na kuchomwa, na sasa hizi hapa zinauzwa marki nane kila moja. Mfanyabiashara alisema amenunua sokoni kwa mwanamke wa makamo mwenye kilemba cha kijani na kikapu. Jina hakuuliza.

Mke wa Hinrich Tölle, mchochea tanuru wa kiwanda cha gesi, alikuwa na kilemba cha kijani na kikapu. Tanuru lililochoma noti lilikuwa la Tölle. Na askari walipopekua jikoni kwake Ijumaa, walikuta noti saba ndani ya kopo la chikori, ule mzizi unaonywewa badala ya kahawa. Meya hakuhitaji zaidi ya hayo. Tölle akatiwa ndani siku hiyo hiyo, na kesho Jumatano, kwa treni ya saa moja asubuhi, angepelekwa mahakama ya wilaya kujibu wizi wa mali ya mji. Alikuwa na watoto wanne, na kiwanda kilikwisha mwambia asirudi.

Ewald hakukipenda kile kilemba. Mwaka wa kumi na nane, mwaka wa mwisho wa vita, jeshi liliwagawia wanawake wa Hollenrode mabaki ya kitambaa cha mahema, na kilikuwa kijani. Tangu hapo nusu ya mji ilijifunga kitambaa hicho hicho, mama yake Ewald akiwemo.

Akachukua kioo cha kukuzia. Kwenye noti palikuwa na picha ya kisima cha uwanjani na mti wa mlinde, na chini yake maneno ambayo kila mtoto wa Hollenrode aliyajua kwa moyo: *Shaba imekwenda vitani, karatasi imebaki nyumbani.* Alijikuta anatabasamu. Aliukumbuka ule mwaka wa kumi na saba, sarafu zilipoyeyushwa kuwa mizinga na duka la nyama likaanza kurudisha chenji kwa stempu na vifungo vya koti. Watu walikula tanipu asubuhi, mchana na jioni, hata noti zilipotoka wakaziita karatasi za tanipu. Yeye alikuwa amerudishwa kutoka mstari wa mbele na magongo mawili, na siku ya kwanza alisimama kwenye foleni ya dirisha la hazina ili tu azione. Ulikuwa mwaka mbaya, na Ewald angetoa mengi ili auone tena.

Maana nyuma ya dirisha lile alikuwa ameketi Gesine Riecke, binti wa mtunza hazina, anatia sahihi. Noti haikuwa halali mpaka itiwe sahihi kwa mkono, moja moja, na kazi hiyo waligawana yeye na karani mwenzake, Brandes. Alimwambia Ewald bila kuinua kichwa, "Usinisemeshe, Stieghorst, nikikosea hii utailipa wewe." Walikuwa wameteleza pamoja kwenye barafu ya bwawa la kinu tangu utotoni. Oktoba ya mwaka uliofuata ile homa kubwa ya mafua ilimwua kwa siku tano.

Noti zote tatu za Leipzig zilikuwa na sahihi ya Gesine. Ewald alijiambia kwamba hilo si neno, nusu ya noti za mji zilikuwa na sahihi hiyo. Akaendelea na kioo. Kila noti ilikuwa na vijitundu viwili pembeni, vidogo kama vya sindano, vyenye kutu. Katika moja, kutu ilikuwa imeshika sindano kavu ya jani la msonobari.

Kisha akazivuta zile saba za kopo la chikori. Hizi zilikuwa na tundu jingine kabisa, kubwa, lililopigwa kwa mashine katikati ya sahihi. Ndiyo kanuni ilivyotaka: noti ikirudi hazina, itobolewe kwenye sahihi, ifungwe bunda la mia, iingizwe guniani, gunia litiwe lakiri, ndipo liende tanuruni. Zile tatu hazikuwa na tundu hilo. Basi ziliondoka hazina kabla ya kutobolewa, na Tölle hakuwahi kuvuka mlango wa hazina ila kwenda kulipa kodi ya mbwa.

Kilichobaki kilikuwa kitu kidogo kilichomkera. Alizigeuza zile saba moja moja. Brandes, Brandes, Brandes, mpaka ya mwisho.

Akachukua funguo akateremka chini.

Tölle alikuwa amekaa kwenye ubao, mikono yake mikubwa magotini. Alimkaribisha Ewald kana kwamba yuko kwake, akamwomba radhi kwamba viti vimekwenda kutengenezwa.

"Noti saba hizi ulizipata wapi?" aliuliza Ewald.

"Nimeshawaambia wenzako mpaka ulimi umeota sugu. Kwenye majivu."

"Majivu hayana picha ya kisima."

"Hujawahi kuchoma bunda la karatasi, Bwana Inspekta. Likifungwa likakaza, linaungua pembeni, katikati linabaki bichi kama mkate wa Müller mwoka mikate. Juma zima nilikuwa natoa mabunda, nayakorogakoroga, narudisha ndani. Watoto wanacheza duka, hawana pesa za mchezo. Nikawachukulia saba. Zina matundu! Nani atauziwa hata kiazi kwa noti yenye tundu?"

"Yalikuwa mabunda mengi uliyofungua?"

"Mengi. Magunia yote."

"Mbona ukachukua za Brandes tupu?"

Tölle akatikisa kichwa. Akasema hakuzitaka za Brandes hata chembe. Binti yake mkubwa, Trude, alifundishwa shule ya Jumapili na Bi Gesine, na mwalimu alipokufa, mtoto alilia juma zima. Alimwomba baba yake amletee japo noti moja yenye jina la mwalimu wake, aiweke ndani ya kitabu cha nyimbo.

"Nilitafuta," alisema Tölle. "Haki ya Mungu nilitafuta, gunia kwa gunia, mpaka nyusi zikaungua. Za Brandes tele, na kadi kuukuu za mgao wa mkate, lakini zake hakuna hata moja. Nikamwambia mtoto labda mwalimu aliandika chache."

"Aliandika nusu."

"Basi nusu haikufika kwangu."

Ewald alikwisha elewa, na hakufurahi. Tölle naye alimtazama, akauliza kwa sauti ya chini kama bado anakwenda kesho. Ewald alimwambia ampe mpaka jioni.

Makaburi ya Hollenrode yako juu ya mji, na mke wa mtunza makaburi, Bi Bock, alikuwa akipukutisha mashada makuukuu penye banda la zana. Alikuwa mama mnene, mcheshi, na kilemba chake kilikuwa kijani. Kikapu kilikuwa miguuni pake, kimejaa matawi ya msonobari na nyaya za kufungia, zilizoshika kutu.

Ewald alimsalimia, akaulizia mgongo wa mzee Bock, akasikiliza habari zote za mgongo huo tangu Krismasi. Kisha akachagua waya mmoja kikapuni, akaunyoosha, akauliza waya kama huu unashika nini kwenye shada.

"Utepe," alisema Bi Bock. "Kadi. Wengine picha."

"Na noti ya pfenigi hamsini?"

Uso wa Bi Bock ulibadilika rangi mara mbili. Akaanza kusema kwamba yeye si mwizi, kwamba mashada yakishanyauka ni ya mtunza makaburi na vilivyomo ndani yake, hiyo ndiyo desturi tangu enzi za babu yake Bock, amwulize mchungaji. Ewald akamwambia desturi hiyo anaijua na hakuja kwa ajili yake. Anataka tarehe tu.

Tarehe Bi Bock alizikumbuka vizuri, maana mashada ndiyo kalenda yake. La kwanza lilikuwa la mwezi Agosti, tarehe kumi na nne. La pili mwishoni mwa Oktoba. La tatu Jumapili ya Wafu, siku ambayo Hollenrode nzima hupanda kilimani na mataa na matawi.

"Wafu hawanunui mkate, Bwana Ewald," alisema, na macho yake yalianza kulowa. "Yule wa Leipzig alinipa marki sita kwa zote tatu. Sikujua kuna mtu atafungwa. Nimesikia leo asubuhi, na tangu asubuhi sijala."

"Kaburi la nani?"

"Usinifanye nilitaje. Wewe unalijua kuliko mimi. Wewe mwenyewe unaleta maua kila Agosti."

Agosti kumi na nne ilikuwa siku ya kuzaliwa Gesine.

Ewald alishuka kilima polepole. Njiani alipita kwa mwoka mikate, shahidi wa pili wa hati ya uchomaji, akamwuliza swali moja tu: nani alihesabu noti kabla ya magunia kutiwa lakiri? Mwoka mikate alimshangaa. Amandus Riecke alihesabu, nani mwingine? Na baada yake? Baada yake hakuna. Mtu ahesabu nyuma ya Riecke, aliyekaa hazina miaka thelathini na moja bila kukosea pfenigi? Ingekuwa kumtukana mzee mbele ya watu. Yeye na mchungaji walitia sahihi, wakaenda kunywa supu.

Mzee Riecke alifungua mlango kabla Ewald hajabisha. Alikuwa amevaa koti la Jumapili, na ilikuwa Jumanne. Alimwambia aingie, apanguse viatu, kama alivyomwambia alipokuwa na miaka minane na suruali imelowa maji ya bwawa. Kahawa ilikuwa tayari mezani, vikombe viwili.

"Ya buni," alisema mzee. "Nimeweka akiba. Kunywa, mwanangu, ndipo uniulize."

Ewald hakukigusa kikombe. Alisema angependa kuuliza kwanza.

"Basi usiulize. Njoo."

Alimpeleka chumba cha nyuma. Palikuwa na sanduku la mwaloni ambalo marehemu mama yake Gesine alimwekea binti shuka na vitambaa vya meza kwa ajili ya siku ya ndoa yake. Shuka zilikuwemo bado, zimepigwa pasi. Na katikati ya kila shuka mbili, zimepangwa safu kwa safu, zilikuwa noti.

"Elfu mbili, mia nane thelathini na saba," alisema Riecke. "Ungekuja kabla ya Agosti zingekuwa mia nane arobaini; tatu nilimfungia yeye mwenyewe kwenye mashada."

Alieleza bila kuulizwa, kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya mwaka. Kitoboleo alipewa yeye. Siku ya kwanza alizitoboa za Brandes, hakuona taabu. Siku ya pili aliweka noti ya kwanza ya Gesine chini ya chuma, akashika mpini, na mkono ukagoma. Kanuni ilisema tundu lipite katikati ya jina. Alijaribu tena baada ya chakula cha mchana. Jioni alizitia zote ndani ya mkoba, na mabunda yale akayajaza kadi za mgao wa mkate zilizokwisha muda. Hakuna aliyehesabu.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Ewald hakutaka kujifanya mzazi. Alisimama tu anasikiliza. Mzee alikuwa amepiga magoti penye sanduku.

"Nimezipanga kwa namba. Tazama. Hii ni siku ya kwanza, kaandika jina zima, herufi nzuri kama cheti. Hapa kesho yake, mkono umeanza kuchoka, kafupisha. Hapa kuna doa, alikuwa anakula tufaa, nilimgombeza." Akafunua shuka nyingine. "Hizi zina mteremko, unaona? Alikuwa anaandika upesi. Sijui alikuwa na haraka gani juma lile. Ni Machi ya mwaka wa kumi na saba."

Ewald alijua. Machi ya mwaka ule bwawa liliganda kwa mara ya mwisho, na kila jioni alimsubiri Gesine pale kwa magongo yake, amwone tu akiteleza. Alimpenda msichana yule na hakuwahi kumwambia, na haraka yake yote ilikuwa imelala hapa katikati ya shuka.

"Na hizi za chini?" aliuliza mwishowe.

"Oktoba. Tayari ana homa. Nilimwambia apumzike. Akasema akikosa, Brandes atachelewa na watu hawatapata mshahara." Mzee alizifunika. "Sina barua zake, Ewald. Hakuwahi kusafiri, angeniandikia nini? Hizi ndizo zote alizoandika."

Saa ya ukutani iligonga saa kumi. Ewald aliuvuta ujasiri wake wote, akasema lililomleta.

"Tölle yuko ndani siku nne sasa, mzee wangu."

"Najua."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Ijumaa. Nilipita pale walipokuwa wanamtoa nyumbani. Mkewe alikuwa ameshika kiatu chake kimoja." Riecke alijiinua kwa kushika ukingo wa sanduku. "Kila asubuhi nimevaa koti hili ili nije kwako. Kila asubuhi nikafungua sanduku kwanza. Ukifungua, siku inakwisha."

Akauliza kama anaweza kubaki na moja. Ewald alimjibu hapana. Sauti yake ilikuwa kali kuliko alivyotaka, maana alikuwa anajijibu na yeye mwenyewe. Noti zikahamishiwa kwenye mkoba ule ule zilioletwa nao, na shuka zikabaki.

Meya alipoona mkoba alikaa kitako. Alimsikiliza Riecke mpaka mwisho, akafuta jasho, akasema kwa haraka kwamba mzee na aende zake nyumbani, asubiri wito wa mahakama, mtu wa heshima yake hawezi kulala lupango. Riecke alisema hapana, angependa kwenda chini sasa hivi, akamwone Tölle.

Ewald alifungua mlango wa seli. Alimwambia Tölle yuko huru, na kwamba ameandika barua kwa kiwanda arudishiwe kazi yake. Tölle aliinuka, akachukua kofia, kisha akamwona mzee nyuma ya inspekta, na kofia mikononi mwake ikasimama.

"Ni mimi niliyezichukua," alisema Riecke. "Za Gesine. Ulizitafuta hukuziona kwa sababu zilikuwa kwangu."

Tölle hakupaza sauti alipojibu.

"Mji mzima ulikuwa unajiuliza kama Tölle ni mwizi. Mke wangu naye, nilimwona machoni. Watu wawili tu walijua kwa hakika kwamba sikuiba. Mimi, na wewe."

"Ndiyo," alisema mzee.

"Siku nne."

"Ndiyo. Ndizo nilizokuja kukaa."

Akampita, akaingia seli, akaketi kwenye ubao, akaweka kofia yake magotini. Ewald alimwambia kwamba hilo halimo katika sheria, hana fomu ya mtu kujifunga mwenyewe. Riecke alisema hajawahi katika maisha yake kubaki na siku za mtu mwingine, na hataki kuanza leo. Mahakama imwite siku itakayopenda baadaye, lakini mpaka Jumamosi jioni aachwe hapo.

Tölle alikuwa amekwisha fika mlangoni. Alisimama, akashusha pumzi kama mtu anayejilaumu kwa jambo analotaka kufanya, akarudi. Alilichukua blanketi lililokuwa kwenye pembe ya ubao, akalikunja mara mbili, akamwonyesha mzee upande wa kulalia.

"Weka hivi, chini ya nyonga," alisema. "Usiku wa kwanza mimi sikujua, nusura nivunjike."

Kisha akavaa kofia yake akaenda nyumbani. Ewald aliufunga mlango kwa ufunguo, maana mzee alimwomba aufunge.